Kiboko Aliyekalia Bao

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakilipana mahari na kusengenyana vibarazani kama sisi, palikuwa na chama cha bao kando ya mto. Chama kilikuwa na bao moja tu, la mti wa mninga, mashimo yake yamelainika kwa kuchezewa miaka na miaka. Na kilikuwa na mwenyekiti, Mzee Kiboko.

Uenyekiti aliupataje? Alikuja siku ya uchaguzi akauliza, "Hapa nani mzito kunishinda mimi?" Wanachama wakatazamana. Hakuna. Tembo alikuwa bado hajajiunga. Basi wakampa. Wewe usicheke, wa kwenu mlimchagua kwa nini?

Tangu siku hiyo bao halikuchezwa tena. Mzee Kiboko alilipindua kifudifudi, akalikalia. Mwenyekiti hawezi kukaa chini kama mkungu wa ndizi, alisema. Kila jioni wanachama wanakuja na kete zao wamezifunga kwenye vitambaa, wanakuta mkutano. Hotuba. Ajenda. Ajenda ya kupanga ajenda. Halafu mengineyo. Jua likizama wanarudi makwao, kete hazijagusa hata shimo moja.

Aliyeumia zaidi ni Bi Nguchiro. Kiumbe chenyewe chembamba kama mwiko, lakini ulimi! Asubuhi anapigana na nyoka, mchana anapigana na watoto, na mume wake alikuwa wa kulala tu. Kitu kimoja alikipenda duniani: kukaa mbele ya bao jioni, kumla mtu kete zake, na kumtania mpaka machozi yamtoke. Sasa jioni yake imekaliwa.

Siku moja, katikati ya hotuba, akasikia kwaa!

"Mzee!" akaruka. "Bao linapasuka!"

"Si bao," akasema Kiboko. "Ni tumbo langu. Nimekula majani mabichi."

"Tumbo gani linalia kama mbao?"

"Bi Nguchiro, fuata itifaki! Nyoosha mkono kwanza."

Akanyoosha mkono. Hakupewa nafasi. Lakini mkutano ulipokwisha, Kiboko alipokuwa akijizoazoa kuinuka, Bi Nguchiro aliinama akachungulia. Ufa ulikuwa umeanzia pembeni, unaelekea katikati. Masika moja zaidi chini ya yale matako, na bao la chama litakuwa kuni.

Bahati ni kwamba uchaguzi ulikuwa karibu. Pale kwao walichagua hivi: mgombea anasimama, anayemtaka anakwenda kusimama nyuma yake. Hakuna siri. Ndiyo maana wote walikuwa wakijipanga nyuma ya Kiboko. Nani anataka aonekane kasimama kwingine, halafu kesho aende mtoni kuteka maji?

Mwaka ule waligombea na wengine. Bwana Tembo alikuja na ukoo wake mdomoni. "Babu wa babu yangu," akasema, "alikuwa mwenyekiti wa vyama saba."

"Wewe mwenyewe umewahi kucheza bao?" akauliza Bi Nguchiro.

"Nimekwambia babu wa babu yangu."

Na Kima naye akajitokeza, mkia juu. "Mimi ndiye bingwa! Nani amewahi kunifunga? Bingwa ndiye awe mwenyekiti!"

Kweli, hakuna aliyewahi kumfunga. Ila kweli pia, hakuna aliyewahi kumaliza mchezo na Kima kete zikiwa zimetimia. Mashavu ya Kima yalikuwa ghala.

Bi Nguchiro akaenda kwa shoga yake, Bi Kanga, akamkuta anafua.

"Shoga, gombea."

"Mimi!" Bi Kanga akaacha kufua, mapovu mpaka kwenye mabawa. "Mimi nafungwa na kila mtu! Hata Kinyonga alinifunga, na yule akishika kete asubuhi anaiweka adhuhuri."

"Alikufunga, na kesho yake ulikuwa wa kwanza kufika. Umefagia uwanja, umekaa, unamsubiri."

"Sasa nikae nyumbani nifanye nini? Bao ni tamu hata ukifungwa." Akaguna. "Lakini uongozi sitaki. Kiboko atanikanyaga, nitabaki manyoya."

"Basi usigombee. Njoo tu na kete zako siku ya uchaguzi."

"Nitachezea wapi? Bao liko chini ya matako ya Mzee!"

"Matako ya Mzee niachie mimi," akasema Bi Nguchiro.

Akashuka mtoni, akajipangusa, akainama vizuri. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema haraka, nakaribia kulala."

"Nimekuja kukuonya tu, Mzee wangu. Tembo anataka turudie jaribio la wazee wa kale."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Jaribio gani?"

Hapakuwa na jaribio lolote. Bi Nguchiro alilitunga njiani, akiruka mashimo.

"Zamani wagombea waliwekwa juu ya kichuguu, wakakaa. Chini yao wanyonge wanacheza bao, mchezo mmoja tu. Mgombea asiseme, asisinzie, asiondoke. Anayekaa mpaka mwisho ndiye mkubwa wa kweli."

"Kukaa?" Kiboko akafumbua na la pili. "Kukaa tu?"

"Kukaa tu, Mzee."

"Ho! Ho! Ho!" Maji yakatikisika, vyura wakakimbia. "Binti yangu, mimi nimezaliwa nimekaa!"

"Nikasema mimi, kazi hii ni ya Mzee Kiboko, kaumbiwa. Tatizo ni lile bao. Tembo atakuwa juu kwenye kichuguu, wewe uko chini kwenye kibao. Watu wataonaje?"

"Thubutu! Nami nitakaa juu!"

"Na hao wanyonge wachezee nini?"

"Wachezee kibao chao," akasema Kiboko. "Mimi nakitakia nini?"

Bi Nguchiro akamshukuru, akaondoka taratibu mpaka alipopita kona. Hapo akarukaruka kama maharage kwenye kikaango. Kisha akaenda kwa Tembo na uongo ule ule, ila safari hii mwenye wazo alikuwa Kiboko.

"Kunyamaza na kukaa kwa heshima?" akasema Tembo. "Hayo kwetu ni ya ukoo."

Siku ya uchaguzi ikafika. Mzee Kiboko akainuka kutoka kwenye bao. Nyaaaf! Bao likamwachia. Akapanda kichuguu, akajibwaga, pu! Tembo akakaa kando yake, mkonga kifuani. Bi Nguchiro hakuwatazama hata kidogo. Alipiga magoti, akaligeuza bao, akalipangusa tope kwa pindo la nguo yake, akapitisha kidole kwenye ule ufa. Limechoka, lakini linashika.

"Mimi sipandi kichuguu!" akasema Kima. "Nitacheza, watu waone ubingwa wangu. Nani anakuja afungwe?"

"Mimi," akasema Bi Kanga, kete zake zimeshafunguliwa zamani.

Mchezo ukaanza. Ta, ta, ta, ta! Lo, mlio ule! Wanachama walikuwa wamesimama kwa adabu, wametazama kichuguu. Wakageuza shingo. Halafu wakageuza miguu. Digidigi akasogea, Nungunungu akasogea, wakamwambia, "We, kunja miiba!" Mara wakawa wamelizunguka bao, wanaguna, wanazomea, wanawafundisha wanaocheza kama wanavyofanya watazamaji wa bao siku zote.

Kule juu Tembo aliona watu wanafundisha. Akavumilia. Akavumilia tena. Pua yake ikaanza kucheza.

"Sukuma lile!" akapaza sauti.

"Sukuma nini, Bwana Tembo?"

"Lile shimo! Lile la mraba! Lipelekeni pembeni!"

"Ile ni nyumba ya bao! Imechongwa kwenye mti!"

"Basi ihamisheni, inaziba njia!"

"Funga mkonga wewe!" ikatoka sauti katikati ya watu.

Tembo akasimama, masikio wazi. "Nani kasema hivyo?" Watu wote wakawa wanatazama kete. "Mimi? Mjukuu wa vyama saba, naambiwa nifunge mkonga? Kaeni na chama chenu!" Akashuka kichuguu, du, du, du, akaenda kushtaki kwa mababu.

"Huyo ameondoka," akasema Bi Nguchiro. "Piga kete, shoga."

Na Kiboko? Kiboko alianza kwa kuinamisha kichwa. Kisha kidevu. Kisha likasikika, "Khrrrrr... fyuuu."

Bi Kanga alikuwa anafungwa, kama kawaida yake. Akatia kete ya mwisho ya mkononi, akasita. "Kima, hii moja yako imeangukia kwangu. Chukua." Akamrudishia. Kima akaichukua. Ila watu wakaona mkono wa Kima umepanda mdomoni, umeshuka, umepanda. Wakaanza kuhama upande wake, mmoja mmoja, wakaenda kusimama nyuma ya Bi Kanga. Ukikaa kule unayaona mashavu ya Kima vizuri.

"Tema," akasema Bi Kanga.

"Nifeme nifi?"

"Tema kete!"

"Fifina kifu!"

Bi Kanga akanyoosha shingo, akamdonoa shavuni. Ko! Kete zikamwagika, parararara, watu wakaangua kicheko wakashikana mabega. Bi Kanga hakucheka. Aliziokota, akazirudisha kila moja shimoni mwake, za Kima kwa Kima, zake kwake.

"Tuendelee," akasema. "Kufungwa nitafungwa, lakini nifungwe vizuri."

Bi Nguchiro akaona ndipo hapo. Akaparamia kichuguu mbio, akasimama kando ya sikio la Kiboko aliyekuwa akikoroma.

"Jamani, asisogee mtu! Tazameni mlipo!"

Wakatazama. Wote, Digidigi, Nungunungu, Kinyonga aliyekuwa bado njiani mguu mmoja hewani, wote walikuwa nyuma ya Bi Kanga.

"Mimi sikugombea!" Bi Kanga akaruka.

"Nyamaza shoga, tazama mchezo wako. Jamani, anayetaka kwenda nyuma ya Mzee Kiboko aende sasa. Nani anakwenda?"

Wakakitazama kichuguu. Wakalitazama bao, limelala mgongo chini na mashimo juu, kama linavyotakiwa. Wakaona ni muda mrefu hawajalitazama hivyo.

"Mimi siendi," akasema Nungunungu. "Maji nitakinga ya mvua."

"Na kwa Kima?"

Kima akageuka kutazama nyuma yake. Palikuwa na kichaka.

"Basi mwenyekiti ni Bi Kanga!"

Vigelegele! Ndivyo vilivyomwamsha Mzee Kiboko.

"Nimeshinda?" akauliza, mate kidevuni.

"Umesinzia," wakamjibu.

Akaelewa pole pole, kwani kichwa kilikuwa kikubwa na habari ilikuwa na safari. Halafu akavimba. "Mmenichezea! Kuku wa porini awe mwenyekiti wangu? Nitalivunja hilo libao lenu!" Akateremka, ardhi ikitetemeka. Wanachama wakatawanyika, fyaa! Akafika, akainua mguu juu ya bao. Chini ya mguu ule alibaki Bi Kanga peke yake, amefunika kete kwa bawa, macho ameyafumba.

Bi Nguchiro alikuwa bado juu ya kichuguu. Hakuwa na nguvu ya kuuzuia hata ukucha mmoja wa mguu ule.

"Ala, Mzee!" akapiga kelele. "Unashuka chini kufanya nini, na umeshapandishwa cheo?"

Mguu ukabaki hewani. "Cheo gani?"

"Hukusikia? Uenyekiti ni wa kufagia uwanja na kuamua ugomvi. Wewe wa kufagia? Wewe ni Mlezi Mkuu wa Chama!"

"Mlezi..." Kiboko akaionja ile sauti. "Mkuu?"

"Mkuu."

"Ana kiti?"

"Ana kichuguu kizima."

"Na kazi yake nini?"

"Kulala, Mzee. Na leo tumeshuhudia sote, hakuna anayekufikia."

Kiboko akawaza, mguu ungali hewani. Mwishowe mguu ukashuka, taratibu, kando ya bao.

"Ningeshangaa," akasema Kiboko, "kama mngempa mwingine."

Akarudi kichuguuni, akajibwaga, akakohoa ili atoe neno la shukrani. "Ndugu wanachama, itifaki..." Haikufika mbali. "Khrrrrr... fyuuu."

Mchezo ukaendelea. Bi Kanga alifungwa, akafungwa vizuri, akasimama akajipangusa. "Haya, mwingine!" akasema mwenyekiti mpya, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote. Bi Nguchiro alikuwa ameshakaa, kete mkononi, ulimi tayari.

Basi nendeni mkalale, na mshike hili: wa kuongoza mchezo usimpime kwa uzito, kwa ukoo wala kwa ubingwa, mtazame kama anakuja kucheza hata siku anayojua atafungwa.