Mwanzilishi Pekee wa Chama cha Wachapaji

Enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono, wachapaji wa Tanga walikuwa na chama. Mwenyekiti wake, Bwana Semdoe, alipitisha sheria kwamba mwanachama asichape kadi za harusi bila ruhusa yake, na ruhusa hakumpa mtu. Bi Siwema, aliyekuwa akiishi kwa kadi hizo, akabaki kuchapa vibandiko vya chupa za siki.

Siku moja Semdoe alimwagiza achape historia ya chama.

“Andika nilikianzisha mwenyewe.”

“Peke yako, Mwenyekiti? Na waliojiunga baadaye?”

“Nani alijiunga? Walikuja kunywa chai tu! Watoe wote.”

“Hata mimi?”

“Wewe wa kwanza!”

Siwema akawatoa wote. Siku ya sherehe ya chama Semdoe aliisoma historia hiyo kwa sauti, akashangiliwa mno, akaipiga muhuri wa chama.

Kesho yake alimkuta Siwema akichapa kadi za harusi.

“Sheria imekataza!” alifoka.

“Imewakataza wanachama, Mwenyekiti. Jana ulitusomea mwenyewe kwamba sisi hatujawahi kuwa wanachama.”

Semdoe akaitisha mkutano wa dharura. Alipoketi tu, peke yake ukumbini, wanachama wote walikuwa wamehudhuria.