Gitaa la Asava na Chupa Isiyo na Noti

Kaeni vizuri, na mwenye jibu la haraka alifungie kwanza mdomoni. Kesi hii ninayowaletea imeshawagombanisha watu wazima walioondoka pamoja kwenda sokoni, wakarudi kila mmoja na njia yake.

Upande wa Maragoli, kwenye kilima kimoja chenye mawe makubwa na mashamba ya chai, palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Fundi Adagala, seremala, alikuwa na mikono iliyojua kuacha. Maseremala wengi wanajua kukata na kupigilia; yeye alijua pia pa kutogusa. Kegode, mpiga gitaa katika hoteli moja mjini, alikuwa na vidole visivyosahau. Alichokiona kikipigwa utotoni, vidole vyake vilikitunza hadi leo. Na Kavulani alikuwa na sikio lisilodanganyika. Kanisani, kwaya ikikosea sauti, yeye huchukua mkoba wake akaenda kusubiri chini ya mti mpaka wamalize.

Sasa, mwenye kesi ni Mama Kageha, mjane wa Asava. Huyu Asava alikuwa mpiga gitaa wa kilima kizima, na alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, huku dada yake, huyohuyo Kavulani, akimgongea chupa tupu ya soda kwa msumari ili mwendo usipotee. Ndiyo ilikuwa desturi ya huko: gitaa kavu lisilo na umeme, chupa, na mdomo wa mwimbaji. Wimbo mmoja Asava aliutunga siku alipokuwa akimposa Kageha.

Asava alipokufa, gitaa lilitundikwa ukutani miaka saba. Kageha hakulia sana, kwa sababu kila alipochuma chai aliusikia ule wimbo kichwani, mzima, kama redio yake mwenyewe. Halafu mwaka huu ukamtoka. Asubuhi moja aliinama kwenye chai, akauita, haukuja. Maneno mawili matatu alibaki nayo, lakini sauti ilikuwa imekwenda. Alihisi amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole.

Jumapili akasimama mbele ya akina mama wa kikundi chake, akasema, "Atakayefanya nimsikie Asava tena, gitaa litakuwa lake." Mashahidi walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo wale wasiosahau kitu hata ukiwaomba.

Wa kwanza kufika alikuwa Kegode, na gitaa lake jipya linalong'aa kama viatu vya bwana harusi. Lile la ukutani hakulitazama mara mbili.

"Mama, hilo sasa ni pambo," akasema. "Wimbo ninao. Nilimwona Mzee akiupiga nikiwa mdogo."

Akaketi, akaupiga wote bila kukosea. Sauti ilijaa sebule nzima, nene, tamu, ndefu; majirani wakaja mpaka dirishani. Kageha alisikiliza hadi mwisho, akamwekea chai na ndizi.

"Umepiga vizuri, mwanangu, nimefurahi kweli. Lakini huyo si mume wangu."

"Nimekosea wapi, Mama?"

"Hujakosea. Sauti zako haziondoki. Moja inaingia na ya kwanza bado imekaa, kama wageni wasiojua kuaga. Asava alikuwa akigusa, anaacha."

Kegode alikuwa mtu muungwana. Hakununa. Alilishusha lile gitaa kuukuu ukutani na kulipeleka mwenyewe kwa fundi Adagala.

Adagala alilikuta katika hali mbaya. Ubao wa mbele umepasuka kutoka kwenye tundu hadi chini, shingo imeinuka, na ndani nyigu wamejenga. Alipolifungua, akaona jambo la kushangaza: ubao ule ulishikwa kwa ndani na mbavu tatu tu za mbao, nyembamba, zimelazwa kwa upana. Magitaa ya siku hizi aliyowahi kuyatengeneza yana mbavu nene zilizopishana, ili yavumilie nyuzi kali. "Ndiyo maana lilipasuka, maskini," akasema. Akachonga mbavu nene, akazibandika, akasubiri gundi ikauke, kisha akagonga ubao kwa kidole. Ukamjibu kama meza.

Alikaa na kosa lake mchana kutwa, viti vya watu vikimsubiri. Kesho yake akazibandua zote. Akarudisha zile tatu nyembamba, akaziba ufa kwa kipande cha mbao alichokiranda mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Akagonga tena, na ubao ukaitika. Rangi ya kung'aa hakuipaka, ingawa mke wake alimwambia kwamba watu watadhani kazi haijaisha.

Jumamosi mchana wakakutana kwa Kageha. Kegode akalitia gitaa nyuzi mpya, akazilinganisha kwa kutumia simu yake, uzi baada ya uzi, mpaka simu ikaridhika. Akapiga. Safari hii sauti ilikuwa kavu na fupi. Iligonga, ikaondoka, ikaacha nafasi ya maneno katikati. Kageha akasogea mbele ya kiti.

"Amefika langoni," akasema. "Nasikia viatu vyake. Lakini haingii."

"Ataingiaje na mmemkaba koo?"

Alikuwa Kavulani, mlangoni, mikono kiunoni. "Wifi, hukuniita," akasema.

"Wewe huitwi, huja mwenyewe," Kageha akamjibu.

"Na nisingekuja, mngeendelea kumnyonga kaka yangu hivyohivyo."

Akaingia jikoni kwa wifi yake kama kwake, akatoka na chupa ya soda ya zamani iliyokuwa ikiwekwa mafuta ya taa. Akayamwaga mafuta, akaiosha chupa, akaifuta kwa leso yake, akaigonga kwa msumari. "Uzi wa tatu ulikuwa ukifuata hii," akasema. "Asava hakuwa na simu. Kabla ya kuanza, alinisikiliza mimi kwanza."

Kegode akaielekezea simu. "Shangazi, simu inasema chupa hii haina noti. Iko katikati ya mbili."

"Simu ilimjua Asava?"

Kegode akaweka simu mfukoni, akalegeza nyuzi zote kidogo kidogo, akiifuata chupa. Ubao ule mwembamba ulipopunguziwa mzigo, sauti ikashuka, ikawa ya kifuani. Kavulani akaanza kugonga. Kegode akaingia.

Kisha mdomo wa Kageha ukaanza kuimba wenyewe, na si yale maneno mawili matatu tu. Ulikuja ubeti mzima ambao hakujua hata kwamba alikuwa ameusahau, ule ambamo Asava anamtaja kwa jina na kumtania kwamba anatembea haraka kama anayefukuza kuku. Akalia, akacheka, akafanya vyote viwili pamoja. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka saba.

"Ndiye," akasema. "Ameingia, ameketi."

Ili haki itendeke, wakalijaribu na lile gitaa jipya, nalo likashushwa mpaka kwenye sauti ya chupa. Liliimba vizuri sana, lakini liliimeza chupa. Kavulani aligonga mpaka mkono ukamuuma. "Hili ni la ukumbi mkubwa," akasema, bila dharau yoyote. "Lile ni la nyumba." Wakalirudia la zamani bila chupa, na Kageha akatikisa kichwa: Asava alikuwa amerudi langoni.

Basi furaha ikaleta kazi, maana ahadi ilikuwa imetoka mbele ya mashahidi.

Adagala alikohoa kwanza. "Mama, lilikuwa nyumba ya nyigu. Likikaa karakana kwangu, nitatengeneza mengine kama hilo. Lakini ni lazima niwe nalo karibu, niligonge na kulisikiliza kila ninaporanda ubao mpya. Vipimo nilivyovizoea vilinidanganya mara moja."

"Na bila vidole ni kasha," Kegode akasema. "Hotelini naombwa nyimbo za watu wengine tu. Hili sitalibeba kwenda mjini, Mama. Nitalipigia nyumbani, kila Jumapili, mlango wazi."

Kavulani akaiweka chupa mapajani. "Mimi sijui kulipiga. Nilianza kumgongea kaka yangu kabla sijabadilisha meno. Hawa watakosea tena, wifi, na hawatajua kwamba wamekosea. Mimi nitajua, na likiwa kwangu, hakuna atakayelipiga pasipo sikio langu."

Nawaona mnaotaka kusema wapokezane. Adagala alishalikataa hilo: kile kiraka hakitavumilia kuhamishwa nyumba hadi nyumba, kitafunguka kabla ya mvua za pili. Na wewe unayetaka mama alibakize ukutani, alishaahidi, na ukuta ndio ulioliua mara ya kwanza.

Kageha amelifunga gitaa katika koti la marehemu. Amesimama katikati ya sebule, na wale watatu wameketi, mikono kwenye magoti, kila mmoja akijifanya hatazami. Anajua kwamba akilikabidhi pasipofaa, wimbo utamtoka tena, na umri wake haumruhusu kungoja miaka saba mingine. Anajua pia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyedanganya.

Gitaa limeanza kumlemea mkono. Haya, wenye majibu ya haraka, fungueni midomo sasa: ungekuwa wewe ndiye Kageha, ungempa nani?