Tarikhi Isiyoitaja Dondoni

Hapo zamani, kabla ya babu wa babu zenu, palikuwa na wakili wa pwani, jina lake Bwanakheri. Asubuhi akiwatetea watu mbele ya kadhi, alasiri akiandika tarikhi ya mji wake. Aliandika miaka thelathini: nani alitawala, nani alijenga, nani kazikwa wapi. Alipofika kwenye habari za Dondoni, kijiji ambacho watu wa mji walikichoma moto, kalamu ikamwia nzito.

Mzee Shekuwe, mkubwa wa mji, akaja. "Bwanakheri, waliochoma ni baba zetu. Tusitiri."

Bi Mwana Kae, aliyenusurika Dondoni akaolewa mjini, naye akaja analia. "Wanangu wataitwa wana wa mateka, Bwanakheri. Nisitiri."

Bwanakheri, mtu wa haya, akawasitiri wote wawili. Dondoni hakuiandika.

Bi Mwana Kae akafa. Shekuwe akalitwaa shamba lililokuwa la watu wa Dondoni, akalima mpaka juu ya makaburi. Mwanatumu, binti wa marehemu, akamwendea Bwanakheri. "Baba, nitetee. Bibi zangu wanapigwa jembe!"

Majuto yakamshika, akakubali papo hapo.

Kadhi akauliza, "Mashahidi kwamba Dondoni ilikuwako?" Wote walikuwa wamekufa. "Maandishi?"

Shekuwe akainua ile tarikhi. "Isome yote, kadhi. Dondoni haimo."

"Ilikuwako!" Bwanakheri akapiga ukelele. "Niliificha mimi, kwa mkono huu!"

"Wewe ni wakili wake," kadhi akasema. "Wakili hamshuhudii anayemtetea. Ungekuja kama shahidi, neno lako na kiapo cha binti huyu vingetosha."

Shamba likawa la Shekuwe.

Nyumbani akafungua kitabu chake, akachovya kalamu, asiandike. Ataandika nini, na nani atamsadiki? Miaka thelathini aliiona bure tupu. Mwanatumu akasimama mlangoni, macho makavu.

"Baba, nizuru wapi sasa?"

Bwanakheri akakifunga kitabu.

Shekuwe alisema, "Mimi niliomba tu, kalamu aliishika yeye." Kadhi alisema, "Mimi nilifuata sheria." Mwana Kae, angekuwa hai, angesema aliwaogopea wanawe. Na Bwanakheri alisema hakujua kumnyima mtu, si waliotaka anyamaze, si aliyetaka aseme.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, nijibuni, maana mimi nimeshindwa. Je, nani aliyeifuta Dondoni?