Mkia wa Pimbi na Madoa ya Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, wakubwa hamkuitikia. Midomo imejaa karanga zangu. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale hasa, palikuwa na mwamba. Mwambani waliishi pimbi. Chini ya mwamba ulipita mto. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya kanga. Pimbi na kanga walikuwa watani, na utani mnaujua: mtani hukutukana msibani, huondoka na sufuria yako arusini, nawe huna ruhusa ya kununa.

Kila kanga alipomwona pimbi, keke-keke-keke!

"Pimbi, pimbi, mkia wako wapi?
Umebaki motoni, wewe mbio majini!"

Pimbi walikuwa na wimbo wao pia, wimbo wa taifa zima, wa walikotoka na waliyoyapata. Mwenye kuutunza alikuwa Mzee Gomwe. Basi Gomwe akachoshwa na utani. Akasema, "Wimbo wa pimbi ni wa pimbi. Ng'ambo ya mto haimo!" Akaanza kukata. Moto, kata. Kuvuka mto, kata. Kanga, kata, kata, kata! Ukabaki mstari mmoja, nao akaugeuza mwisho wake:

"Tulizaliwa mwambani, hatukutoka kamwe!"

Watoto wakafundishwa huo. Wazee wenzake wakafa mmoja mmoja. Wimbo ukakaa hivyo, umenyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Siku moja wakaja nyani. Kwao kumekauka. Wakauona mwamba, wakaupenda.

"Tokeni!" alisema Nyani Dume. "Mwamba huu wetu. Ule moto mkubwa ulipopita tulikuwapo. Tulisimama katikati ya ndimi zake, tukauzima kwa mikono! Nyinyi ni wa juzi."

Akaitwa Ndovu aamue. Akaja, tindi, tindi, tindi. Atakayeshindwa, atahama.

Gomwe akasimama. "Mheshimiwa, sisi ndio tuliokuwapo. Moto ulitufukuza, tukavuka mto. Mvua iliponyesha, tukarudi."

"Ho! Ho!" Nyani akacheka. "Hebu waulizeni wajukuu zake!"

Wajukuu, maskini, wakaimba kwa sauti tamu: "Tulizaliwa mwambani, hatukutoka kamwe!"

Ndovu akapiga masikio, pwa! pwa! "Gomwe, wewe unasema mlitoka. Wimbo wenu unasema hamkutoka. Nishike lipi?"

Mama pimbi wakaanza kubeba vichanga vyao.

Mara, keke-keke-keke! Kanga hao, wamevuka mto, mbele yao Bi Kiroja, mdomo mkali kama wembe. Nani kawaita? Hakuna. Mtani haalikwi. Bi Kiroja akamsukuma Gomwe, akakaa mahali pake.

"Mnahama bila kuaga, enyi watikisa-mkia? Aa, nimesahau, mkia wenyewe hamna!"

"Wewe wa ng'ambo," Nyani akafoka, "habari za huku zinakuhusu nini?"

"Zinanihusu mgongoni, baba." Akakunjua mabawa, pwaa! Madoa meupe, tele. "Unaona? Hizi ni cheche. Bibi zetu waliwafunika pimbi, cheche zikawaangukia wao mgongoni, ta! ta! ta!" Akauimba wimbo wote, hata ile sehemu ambayo pimbi huzibia masikio:

"Pimbi, pimbi, mkia wako wapi?
Umebaki motoni, wewe mbio majini!
Nani kakufunika? Nani kakulisha?
Kanga wa ng'ambo, hata mvua ikanyesha!"

Ndovu akawatazama pimbi: hawana mkia. Akawatazama kanga: madoa. Akamtazama Nyani.

"Wewe uliyesimama katikati ya moto, hebu geuka."

Nyani hataki.

"Geuka!"

Mkia huo! Mrefuuu, na manyoya yake yote, hata unyoya mmoja haujaungua. Watu wakavunjika mbavu. Nyani akaukalia kwa kishindo, puu! Wapo wanaosema ndiyo maana makalio yake yakawa vile. Mimi sisemi, nimesikia tu.

Nyani wakaenda zao. Gomwe akafungua mdomo aombe radhi. Bi Kiroja akamuwahi.

"Tunajua ulitukata. Ulikuwa ukiimba vibaya, tulikusikia kule kule."

"Na bado mkaja, mtani wangu?"

"Sasa mkihama, tumtukane nani?"

Mzee Gomwe akacheka, akalia, akacheka tena. Tangu hapo pimbi huimba wimbo wao hadi mstari wa kuvuka mto, kisha hunyamaza. Kanga hupokea kutoka ng'ambo, matusi na yote. Wakimaliza, pimbi wote, wakubwa kwa watoto, huitikia: "Asante, mtani!"

Basi, wanangu, habari zenu nusu ziko kwa jirani. Ukimfuta jirani, umejifuta mwenyewe. Mshukuru, hata akikucheka.

Hadithi yangu imekaa kitako hapa hapa. Karanga zilizobaki, rudisheni.