Mkeka Uliojaa wa Jumbe Mbwego

Mkeka ukijaa, ongeza ukili. Mlinisikia jana mkutanoni nikimwambia mkuu wa wilaya maneno hayo, aliposema serikali haiwezi kupokea wakimbizi zaidi kwa kuwa kambi imejaa. Mkacheka, mkadhani bibi yenu amezeeka, analeta habari za mikeka mbele ya wakubwa. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia hapa hapa Kibwera, na ilianza hivi.

Zamani baraza la Jumbe Mbwego lilikuwa na mkeka mmoja mkubwa wa ukindu, ulioshonwa ukili kwa ukili, zile tepe ndefu zilizosukwa. Kila mkuu wa kaya alikuwa na nafasi yake pale. Mwenye nafasi alipewa shamba, na akifa alizikwa kama mwenyeji. Asiye na nafasi alikuwa mpita njia tu.

Mwaka mmoja wakaja watu wa Ukwama, ng'ambo ya mto. Mtawala wao aliwachomea nyumba na kuwaua kwa sababu walikataa kuacha matambiko ya wazee wao. Jumbe akapokea kaya ishirini, wakuu wao wakakaa mkekani goti kwa goti. Zikabaki kaya kumi na tano ng'ambo, pamoja na wagonjwa wao, na moshi wa vijiji vyao ukionekana nyuma yao. Jumbe akasema basi, mkeka umejaa. Hakuwa katili, nawaambia kweli. Alidhani mkeka ndio kipimo cha nchi.

Habari zikamfikia Bi Sikudhani, fundi wa mikeka, mwanamke asiyemwogopa mtu. Akaja barazani na ukili mpya begani na shazia mkononi, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Akapiga magoti karibu na Jumbe, akaanza kufumua upindo.

"Unaharibu mkeka wa baraza," Jumbe akasema.

"Naupanua. Hebu niambie, Jumbe, ukili uliokalia uliongezwa lini?"

Wazee wote walijua. Mkeka ule ulianza na kili nne. Wa tano ulishonwa siku babu yake Mbwego alipovuka mto huo huo akikimbia mapanga, na siku ile mkeka ulikuwa umejaa vilevile.

"Aliyeushona ni bibi yangu," Bi Sikudhani akasema. "Angesema umejaa, leo nisingekuwa na Jumbe wa kumwamkia."

Jumbe aliona haya, na hakuificha. Akainuka, akashika upande mmoja wa mkeka, akauvuta unyooke ili mama yule ashone vizuri. Kabla jua halijazama, kaya zote kumi na tano zilikuwa zimevuka. Na askari wa mtawala walipokuja kudai watu wao, Jumbe akawajibu, "Watu wenu siwajui. Hawa mnaowaona wamekaa mkekani kwangu." Wakarudi walikotoka.

Sasa sikilizeni, nyie mnaojiita wenyeji na kuwatazama watu wa kambini kwa pembe ya jicho. Wa kwanza kuukalia ukili ule mpya alikuwa babu yangu mzaa baba. Sisi ni watu wa ng'ambo, na ninatembea kifua mbele kwa sababu nchi hii ilituongezea nafasi ilipokuwa haina. Mkuu wa wilaya aliniuliza, wakija wengine tutawaweka wapi? Nilimjibu jana, na akirudi nitamjibu tena: mkeka ukijaa, ongeza ukili.