Sungura, Rubani wa Msimu wa Vimbunga

Zamani, wanyama walipokuwa bado na adabu ya kugombana kwa maneno kabla ya meno, mvua ilikikosa kisiwa kimoja mpaka kisima chake pekee kikageuka chumvi. Wakubwa walikunywa wakatapika. Wadogo walikunywa wakafa. Mke wa Digidigi alikuwa miongoni mwa waliokufa. Digidigi alimzika chini ya kichaka walipozoea kulala, akarudi kwa binti yake, ambaye ulimi wake ulikwisha kuwa mweupe.

"Mwanangu, tunaondoka," alimwambia.

"Tunakwenda wapi, Baba?"

"Kwenye maji."

Maji matamu yalikuwa bara, kwenye mlango wa mto ulio mbali upande wa kusini. Njia ilikuwa moja tu: kuvuka, kisha kuambaa na pwani kwa mashua. Mashua ilikuwepo. Watu walikuwa wameitelekeza ufukweni, na tanga lake lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa. Kilichokosekana ni mpango. Ulikuwa msimu wa vimbunga, na katika msimu huo chombo hakitweki tanga kabla ya kujua kitajificha wapi.

Simba akaitisha baraza. Alikuwa amekonda hata manyoya ya shingo yake yakaonekana kama ya kuazima, lakini kiburi kilikuwa bado kinene.

"Mimi ndiye nahodha," alisema.

"Mfalme amewahi kupanda chombo?" akauliza Digidigi.

"Chombo hakijawahi kupandwa na mimi. Kosa ni la chombo. Swali jingine?"

Hapakuwa na swali jingine. Fisi akasimama, akafuta mate, akajitolea kulinda chakula. Baraza zima likacheka, na Fisi mwenyewe akacheka kuliko wote. Chakula kilikuwa kikapu kimoja cha papa mkavu, chenye harufu inayotangulia kufika. Wakaamua kukiweka ndani ya mtumbwi mdogo utakaovutwa kwa kamba nyuma ya mashua, kwa kuwa Fisi aliogopa maji kuliko alivyopenda kula.

"Karibu sawasawa," Fisi akasahihisha.

Ikabaki kazi ya rubani, yule wa kuchagua njia na maficho. Kila mmoja alimtazama Sungura, kama watu wamtazamavyo mwizi wakati ufunguo umepotea.

Sungura akaenda kumwuliza Shakwe, ndege wa bahari, aliyekuwa amesimama mwambani kwa mguu mmoja.

"Bwana Shakwe, bingwa wa mawimbi, mwenye mabawa ya—"

"Punguza sukari. Uliza."

"Tukipatwa na kimbunga njiani, tujifiche wapi?"

"Pana mahali pawili," alisema Shakwe. "Mtaanza kuona Ghuba ya Sahani. Mchanga mweupe, maji matulivu, nanga inashika vizuri. Pazuri sana siku ya jua. Lakini mdomo wake umeelekea bahari kuu, na huko ndiko upepo wa kimbunga unakotoka. Chombo kitakachokuwamo kitapigwa kama chapati."

"Na pa pili?"

"Nyuma ya rasi inayofuata kuna mkono wa bahari. Jina lake Utumbo. Umejipinda, una tope, una mbu, na unanuka kama jina lake. Kandokando yote ni mikoko. Ingieni maji yakijaa, mwende ndani kabisa, mkifunge chombo kwenye mikoko pande zote. Humo hata kimbunga hupotea njia."

"Nitajuaje kinakuja?"

"Mawimbi marefu yatatangulia, upepo ukiwa haupo. Nasi ndege wa bahari tutakimbilia bara. Ukituona, usiulize tunakwenda harusi ya nani."

Maelezo yalikuwa mazuri, na Sungura aliyaelewa yote. Tatizo lilianza alipokuwa akirudi. Utumbo ni mwembamba, aliwaza. Tukijibana humo na Simba mwenye njaa, kati yake na mimi hakutakuwa na kitu isipokuwa heshima, na heshima haina mifupa. Halafu papa ni kikapu kimoja. Kwa wote, papa huyo ni wa kuonja. Kwa mmoja, ni karamu.

Alipofika barazani, mpango wake ulikuwa umekamilika.

"Tutajificha Ghuba ya Sahani," alitangaza. "Mchanga mweupe, maji matulivu, nanga inashika. Kuna mahali pengine, paitwapo Utumbo, tope tupu na mbu—"

"Mfalme halali ndani ya utumbo," alisema Simba.

"Ndivyo nilivyomjibu Shakwe, Mfalme. Kwa maneno hayohayo."

"Mdomo wa ghuba hiyo umeelekea wapi?" akauliza Digidigi.

"Umeelekea kwenye uzuri, mzee."

Wakacheka. Digidigi hakucheka, lakini hakubisha pia. Alikuwa akiutazama ulimi wa binti yake, na mashua yoyote inayoondoka ilikuwa bora kuliko mashua iliyokaa.

Wakatweka tanga. Safari ya kuvuka ilikwenda salama, kwa sababu upepo ulikuwa mwema na nahodha alikuwa amelala. Alipoamka alitoa amri ya kwenda walikokuwa wakienda tayari, nao wakatii. Walipotia nanga Ghuba ya Sahani kupumzika, hakuna aliyeweza kulalamika. Maji yalikuwa ya rangi ya shingo ya njiwa. Simba akaliona jiwe pana juani, akalipanda, akasema ghuba hiyo sasa ni yake. Fisi akagaragara mchangani akimtukuza rubani.

Mchana huohuo, pasipo upepo hata wa kutikisa nywele, mawimbi marefu yakaanza kuingia ghubani, moja baada ya jingine, bila haraka. Kisha Shakwe na jamaa zake wakapita juu, wakielekea bara. Mmoja tu ndiye aliyejua maana yake.

"Digidigi, mzee wangu," Sungura alisema kwa sauti ya msibani, "binti yako hafiki kesho bila maji. Nipeni mtumbwi niende nyuma ya rasi. Huenda kuna kisima."

Digidigi alimgeukia binti yake. Tangu mkewe afe hakuna aliyewahi kumtajia binti huyo kwa wema.

"Nenda, ndugu yangu," alimwambia Sungura. "Mungu akulipe."

Sungura akafungua mtumbwi, akapiga kafi. Hakuwa amefika mbali pale Fisi alipoinuka ghafla mchangani, pua juu, macho yamemtoka.

"Papa anaondoka!" alipiga kelele. "Jamani, papa anaondoka!"

"Sungura amekwenda kumtafutia mwanangu maji," alisema Digidigi. Kibuyu cha maji kilikuwa palepale mbele yake, mchangani, kikavu. Akakitazama kibuyu, akautazama mtumbwi ukizunguka rasi. "Anayetafuta maji ameacha kibuyu," alisema taratibu, "akachukua kikapu."

"Mwizi!" Fisi akalia. "Nilikuwa nimwibe mimi!"

Digidigi hakuwa na muda wa hasira. Alitazama mawimbi, alitazama anga lililoanza kuwa la rangi ya shaba, akakumbuka ndege. "Sikilizeni. Maneno ya Sungura siyaamini, lakini miguu yake naiamini. Hajapata kukimbia kutoka mahali pa salama kwenda mahali pa hatari. Akikimbia hapa, hapa ni pabaya. Tumfuate upesi."

Simba akafumbua jicho moja juu ya jiwe lake. "Mfalme hafuati sungura."

Hapo Fisi, ambaye maishani mwake hakuwahi kusema jambo la maana, njaa ikamfungua ulimi.

"Hatumfuati, Mfalme. Tunamfukuza. Njia ni hiyohiyo, ila kumfukuza kuna heshima."

Simba akalipima neno hilo, akaona halina kasoro. "Ng'oeni nanga," akasema.

Upepo uliwakuta wakizunguka rasi, na maji yakijaa yakawasukuma ndani ya Utumbo kama tonge. Mikoko ikawafunika kushoto na kulia. Harufu ilikuwa kama ilivyoahidiwa, lakini Fisi alinusa harufu moja tu, akaelekeza usukani kwa pua. Mwisho kabisa wa Utumbo, wakamwona Sungura ameketi ndani ya mtumbwi, kipande cha papa mdomoni.

"Karibuni!" alisema, akimeza haraka. "Nilikuwa nawaandalia mahali."

"Nitakuandalia mahali mimi," alinguruma Simba, "hapa kati ya mbavu."

"Baadaye, Mfalme," alisema Digidigi. "Kwanza tufunge chombo."

Aliyatazama mashina ya mikoko. Chaza walikuwa wameshikana nayo juu kabisa, juu kuliko pembe zake. Chaza haishi mahali ambapo maji hayafiki. "Bahari hupanda mpaka pale," alisema. "Tufunge kamba pande zote, kila moja na mti wake, na tuzilegeze, mashua ipate kuinuka." Fisi akafunga za mbele. Simba, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kuifikia miti ya mbali, ilimbidi kushuka. Alisimama topeni mpaka kifuani, kamba mdomoni, mbu wakimnyonya pua bila kujali cheo.

"Hakuna atakayesimulia hili," alisema kupitia kamba.

"Hakuna, Mfalme," alisema Fisi, akikariri kila kitu moyoni.

Sungura, aliyebaki mtumbwini, alikuwa na kamba moja na mti mmoja. Kamba nyingi zinaweza kulegea kwa sababu moja ikiachia nyingine inakamata. Kamba moja ikilegea, chombo kinagongana na kila shina. Basi aliikaza. Kuomba ya pili kungehitaji rafiki wa kumwomba, na wote aliokuwa nao alikwisha kuwaacha ghubani.

Kimbunga kikaja. Huko nje bahari ilinguruma mpaka Simba akaona haya. Ndani ya Utumbo upepo ulipita juu ya majani, ukilaani. Kisha maji yakapanda. Mashua ikapanda nayo, ikivutwa huku na kule na kamba zake, lakini haikufika kwenye shina hata moja. Mtumbwi haukuweza kupanda. Kamba fupi iliushika pua, maji yakaendelea kuinuka, na mtumbwi ukaanza kuinama kama mtu anayesujudu.

"Ndugu zangu!" Sungura alilia. "Kamba! Nirushieni kamba!"

Mtumbwi ukazama. Kikapu kikaelea. Fisi aliyeogopa maji akaruka bila kufikiri, akakidaka kwa meno, na kikapu ndicho kilichomfanya aelee mpaka mashuani. Hakuweza kula, kwani angefungua mdomo angezama, na hayo yakawa mateso makubwa kuliko yote yaliyompata siku hiyo.

Sungura aliparamia mkoko. Maji yakamfuata tawi kwa tawi. Digidigi alisimama ukingoni mwa mashua, kamba ya mwisho miguuni pake, binti yake akihema nyuma yake.

"Sungura," aliita. "Maji ya mwanangu yako wapi?"

Sungura alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kisiwani kwamba hakudanganya.

Wakati huo mvua ikashuka. Haikudondoka, ilimwagwa. Digidigi akaiacha kamba ilipo, akaligeukia tanga lililolazwa, akaliinua ncha zake kwa pembe na meno mpaka likafanya shimo katikati, na maji matamu yakakusanyika juu ya viraka. "Kunywa," alisema. Binti yake akanywa, akapumzika, akanywa tena. Digidigi alitazama mpaka ulimi ulipoanza kurudi rangi yake. Alitazama muda mrefu zaidi ya uliohitajika.

Ndipo akaiokota kamba, akairusha.

"Mwache!" alisema Simba. "Maji yamemwosha tayari. Amebaki kuliwa tu."

"Mfalme, mbao zimeachana kwa kuvutwa na kamba, tunavuja," alisema Digidigi. "Simvuti kwa huruma. Tunahitaji mikono."

Sungura akavutwa juu, masikio yamelala, manyoya yamegandamana, akionekana nusu ya alivyokuwa. Kabla hajamaliza kukohoa, akili ilikuwa imemrudia.

"Asante, mzee wangu. Sasa nitakaa omo, kule mbele, niwaonyeshe njia ya mtoni."

"Omo yupo Mfalme," alisema Digidigi, "anakausha tumbo."

"Basi tezi, kule nyuma. Mimi na usukani tunaelewana."

"Tezi nipo mimi, na mwanangu amelala hapo."

"Sasa mimi nikae wapi?"

Fisi, mdomo umejaa papa, hakuweza kusema. Alimsukumia kifuu cha nazi, akaelekeza kidevu chini ya mbao, ngamani, yanakokusanyika maji yanayovuja pamoja na kila harufu ambayo safari imepata kutoa. Sungura akachungulia. Akamtazama Simba. Simba akamwonyesha meno, yote. Sungura akateremka akaanza kuchota.

Bahari ilipotulia walitoka Utumboni, wakafika mtoni, wakashuka kunywa mmoja mmoja. Ngamani bado kifuu kilikuwa kikikwaruza, na sauti ndogo ikiuliza kama kuna aliyesema wamefika. Hakuna aliyemjibu, maana jibu lilikwisha kutolewa na waliotangulia kusafiri: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.