Ofisi Iliyojengwa Umbali wa Mwito Mmoja

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama watu wanaosubiri mkutano uishe. Nyie mlio karibu na moto mmeshiba, nawajua. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sasa sukumeni ule ukuni ndani, mnisikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na watu na wakati mwingine kuwatawala, palikuwa na mlima wenye migongo mitatu. Mgongo wa kwanza uliitwa Kighuru, wa pili Mhenda, wa tatu Kwesanga. Katikati yake makorongo. Ukisimama Kighuru ulimwona mtu wa Mhenda akila ugali, ukaona na mboga aliyokula. Lakini ukitaka kumpa mkono, ulitoka jogoo akiwika ukafika kuku wakipanda kulala. Ushuke, uvuke mto, upande, ushuke tena, upande tena. Ndiyo maana watu wa huko walikuwa na magoti mabaya na sauti nzuri.

Kwa sababu hiyo hawakupima njia kwa miguu. Walipima kwa mwito. Jirani alikuwa nusu mwito, shamba la mbali mwito mmoja, na mkwe mzuri alikuwa yule wa miito miwili. Shauri lolote lilimalizwa hivyo hivyo, kila mtu amesimama mwisho wa shamba lake. Maji yakikatika kwenye mfereji, aliyeyakosa alipanda kwenye tuta akaita, "Nani kafunga maji?" Kighuru wakajibu, "Si sisi." Kwesanga wakajibu, "Si sisi." Asiyejibu ndiye aliyeyafunga, na mlima mzima ulijua kabla uji haujapoa. Aliyezaliwa mlimani hakuweza kusikia mwito akanyamaza bila kuona haya.

Basi walikaa vizuri, na waliokaa vizuri huchoka. Siku moja walisikia kwamba watu wa tambarare wana serikali yenye ofisi, nao wakaitaka. Mtendaji hakuwa tabu kumpata. Walimchagua Mbega kwa sababu koti alikuwa nalo tayari, jeusi lenye mabega meupe, linaburuta mpaka chini. Walisema itakuwa hasara kumshonea mwingine.

Tabu ilikuwa ofisi. Kighuru waliitaka Kighuru, Mhenda waliitaka Mhenda, Kwesanga hawakuitaka sana ila hawakutaka wengine waipate. Wakagombana mpaka wakakubaliana kwamba ijengwe mahali penye haki, umbali wa mwito mmoja kutoka kila mgongo. Wakamtuma Kunguru aruke atafute. Kunguru akazunguka angani, watu wakaita kutoka huku na huku na kule, mwisho akatua juu ya Jabali la Ngwelo, pale linapochomoza katikati ya makorongo.

"Hapa nawasikia wote sawasawa," akasema Kunguru. "Ni katikati kabisa."

Watu wakashangilia. Mwito mmoja tu! Walimtuma Kunguru kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufika juu ya jabali lile, na hilo halikumtia yeyote shaka. Nanyi msicheke. Mngekuwepo mngepiga makofi.

Wakajenga. Mawe waliyapandisha kwa kamba, na wazee wawili wakaacha magoti yao kule juu. Ofisi ilipokamilika kila mgongo ukaridhika, maana kila mgongo ulitoka jasho sawa na mwenzake. Halafu wakatunga sheria. Ya kwanza ilitoka kwa watu wenyewe, kwa wivu: ofisi itafunguliwa tu siku ambayo migongo yote mitatu inaonekana kutoka mlangoni, ili mmoja asipendelewe wengine wakiwa kwenye ukungu. Mnajua ukungu wa mlimani. Ya pili ilitoka kwa Mbega.

"Serikali haiitwi kwa kelele kama mbuzi aliyepotea," akasema. "Kuanzia leo, kupiga mwito ni marufuku. Tangazo lolote litatoka ofisini. Mwenye shida apande."

Watu wakatazamana, kisha wakaona ni maendeleo.

Na ya tatu? Ya tatu ilikuwa ndogo tu. Chanzo cha maji kilikuwa nyuma ya jabali, kwa hiyo kikazungushiwa uzio, kikawa mali ya ofisi. Haingii mtu bila ruhusa.

Sasa huko Mhenda, chini kabisa ambako mfereji unaishia, aliishi mjane mmoja jina lake Naetwe. Alikuwa na matuta ya maharage na watoto waliokula maharage hayo, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kutangaza. Mwaka huo jua lilikaza. Maharage yalikuwa yametoa maua, na asubuhi moja Naetwe akaenda shambani akakuta mfereji mkavu. Akaufuata kwenda juu. Majirani wa juu walikuwa wakipata matone ya kutosha kunyamaza. Akapanda mpaka kwenye uzio wa ofisi, na hapo ikambidi asimame.

Akapanda tuta, akafungua kinywa kupiga mwito, akakumbuka sheria. Akakifunga. Akajifunga kanga kiunoni akaanza kupanda jabali.

Alipofika juu, ukungu ulikuwa umeshuka. Mlangoni alimkuta karani wa ofisi, Pimbi, mfupi, hana mkia, amekalia jiwe.

"Hodi," akasema Naetwe. "Nimekuja kwa habari ya maji."

"Karibu, mama. Unaiona Kighuru?"

"Siioni."

"Kwesanga je?"

"Pimbi, hata miguu yangu siioni."

"Basi ofisi haijafunguliwa. Panda siku nyingine, mama. Haki iko juu."

"Mimi niko juu."

"Ndiyo, lakini haki haijafika," akasema Pimbi, na akamsikitikia kweli kweli, maana hakuwa mbaya. Alikuwa kazini.

Naetwe akashuka. Maua ya maharage yakaanza kudondoka. Usiku akawapikia watoto majani, akawaambia maharage yanakuja.

Ukungu ulipoondoka akapanda tena. Migongo yote mitatu ilionekana, wazi kabisa. Pimbi alikuwa mlangoni.

"Hodi. Nimekuja kwa habari ya maji."

"Karibu, mama. Siku nzuri hii. Bwana Mtendaji ameona ni siku nzuri pia, ameshuka vijijini kuwasikiliza wananchi."

"Nami ni nani?"

Pimbi akafikiri. "Wewe uko ofisini, mama. Wananchi wako kule chini."

"Nimetoka huko huko chini sasa hivi."

"Mmepishana. Panda siku nyingine. Haki iko juu."

Naetwe akashuka, na magoti yakaanza kumsemesha njiani. Nyumbani akaambiwa Mtendaji alipita, akasimama barabarani, akauliza kama kuna mwenye shida, na kwa kuwa hakuna aliyetokea akafurahi sana akaenda zake. Naetwe akakaa chini kwenye tuta akalia. Hakulia kwa sauti, sheria ilikuwa bado inafanya kazi. Majani ya maharage yalikuwa yamejikunja, na mtoto wake mdogo aliacha kuuliza yatakuja lini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliacha kuuliza.

Akapanda mara ya tatu. Safari hii mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, Kighuru inaonekana, Mhenda inaonekana, Kwesanga inaonekana, na Mbega yuko mlangoni na koti lake.

"Shikamoo, Bwana Mtendaji."

"Marahaba, mama. Pole na mlima. Kaa kwenye jiwe hilo, utatuwia radhi, hatujapata mahali pa kuwapokea watu. Unasemaje?"

"Maji hayafiki kwangu. Maharage yanakufa. Naomba ruhusa niingie kwenye chanzo nione kilichoziba."

Mbega akatikisa kichwa kwa huzuni, mabega meupe yakatikisika pamoja nacho. "Mama, hujui ni wangapi wanalia maji. Wewe siye wa kwanza. Wanapanda mpaka hapa, wanakaa juani, wengine wazee. Ofisi imeliona hilo, na imeumia. Tumechukua hatua."

Naetwe akainuka kwenye jiwe. "Mungu awabariki. Hatua gani?"

"Njoo uone."

Akampeleka nyuma ya ofisi. Palikuwa na nyumba mpya, nguzo zimesimama, kuta zimefika kifuani, na shimo kubwa la udongo wa kukandikia uliokandwa vizuri, laini, unang'aa kwa maji. Na maji yale yalikuwa yakiingia shimoni kwa mfereji mpya, mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye chanzo. Mfereji wa zamani, ule wa kwenda Mhenda, ulikuwa umezibwa kwa jiwe na majani ya mgomba. Sasa ndipo Naetwe alipoona kwamba miguu ya Mbega ilikuwa na tope mpaka magotini.

"Hili ni banda la kusubiria," akasema Mbega, sauti imejaa upole. "Mwenye malalamiko ya maji akifika hapa atakaa kivulini. Tukimaliza kukandika tutawafungulia maji. Bado kuta mbili, na paa, na sherehe."

Nyamazeni kidogo. Nataka mmwone huyu mama alivyosimama. Alitazama lile tope. Alitazama chini, kwenye matuta yake, ambayo kutoka pale yalionekana kahawia kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Hakumtukana Mbega. Alirudi taratibu mpaka mlangoni mwa ofisi, akapanda kizingiti, akaweka mikono mdomoni.

"Mama," akasema Mbega, "kupiga mwito ni marufuku."

"Umesema tangazo lolote litoke ofisini," akasema Naetwe. "Mimi niko ofisini. Pimbi ameniambia."

Pimbi akatazama chini. Alikuwa amemwambia.

Naetwe akaita. "Nani kafunga maji?"

Hakuna mahali pazuri pa kuita kama pale. Si walipachagua kwa hilo? Sauti ikaenda Kighuru, ikaenda Mhenda, ikaenda Kwesanga, na watu wakaacha majembe. Tangu sheria itungwe walikuwa hawajasikia mwito.

Kighuru wakajibu, "Si sisi."

Mhenda wakajibu, "Si sisi."

Kwesanga wakajibu, "Si sisi."

Kisha kimya. Mlima wote ukasubiri, kama ulivyokuwa ukisubiri zamani, mtu mmoja aliyebaki ajibu. Mbega akajifuta tope kwenye koti, likaenea. Akasema suala hili linahitaji kikao. Pimbi alikuwa kwenye jiwe lake, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini Pimbi alizaliwa mlimani, na mwito ulikuwa umening'inia hewani bila kujibiwa, na hilo hakuna karani anayeliweza.

"Ni sisi wa ofisini!" akapaza sauti.

Mtafikiri watu walipanda kwa hasira. Wengi walipanda kwa kutaka kuona, maana tangu waijenge ofisi yao walikuwa hawajaitia macho tena. Mbega aliposikia miguu, akaruka kwenye mti, na akatoa tamko kutoka kwenye tawi. Hakuna aliyemsikiliza, akapanda juu zaidi ili asikike. Mpaka leo mbega hashuki ovyo ardhini, na koti lile bado analo, atakuwa tayari wakimhitaji tena.

Jiwe likaondolewa, majani yakatupwa, maji yakageuka. Wazee wakamzunguka Naetwe wakamwambia, "Mama, ofisi haina mtu. Kaa wewe."

"Huku juu?" akasema Naetwe. "Nani atapanda kuniona?"

Akashuka. Maji yalimtangulia, akayakuta yameshafika matuta ya juu na watoto wamo ndani na nguo zao. Maharage ya matuta ya juu yaliamka. Ya matuta ya chini hayakuamka tena, na mwaka ule nyumba ile ilikula mara moja kwa siku. Nayasema hayo kwa sababu wasimulizi wengine huwaambia kwamba maji yakirudi kila kitu hurudi.

Wakati wa mavuno, Naetwe akiwa anapura, alimwona Pimbi anakuja, kajaa vumbi, anachechemea. Alikuwa ametoka juu kwa miguu.

"Hodi, mama. Nimetumwa. Lile ombi lako la kuingia kwenye chanzo limepokelewa. Litasikilizwa siku ya kwanza isiyo na ukungu, na utasubiri kivulini. Banda limekwisha."

"Nani kakutuma, Pimbi? Mtendaji si yuko mtini?"

"Yuko mtini, mama. Ofisi inaendelea."

Naetwe akamtazama, akatazama na magoti ya karani huyo. Akaingia ndani akatoka na sahani ya maharage, si kubwa, maana hakuwa na kubwa.

"Kula," akasema. "Kupanda ni mbali."

Pimbi akala yote, akalamba sahani. Kisha akasimama, akatazama lile jabali kule juu, akatazama njia, na kwa mara ya kwanza akapima kwa miguu. Hakurudi. Ndiyo maana mnamsikia usiku akiita kutoka kwenye mawe ya huku huku chini, na mnasema analia. Halii yule, anajibu.

Hadithi yangu imeishia hapo ambapo mfereji unaishia. Anayetaka kulalamika, ofisi iko juu.